Safu ya Dakika

Mimi ni mwanamke mwenye wivu, na nimechoka kuambiwa nijirekebishe. Mama yangu alikuwa nao, dada zangu wanao, na ukoo mzima unajua kwamba sisi hatugawani mume hata kwa mawazo. Kwa hiyo nikisema kwamba nilimchukia Safina wa duka la magodoro kwa sababu ya dakika mbili, usinicheke kabla hujazisikia dakika zenyewe.

Nilikuwa karani wa ofisi ya kata hapa Katesh, na kati ya madaftari yangu lilikuwemo Daftari la Ving'ora. Najua linachekesha. Mahali pengine king'ora kikilia watu wanageuza shingo, wanatukana kidogo, wanaendelea na shughuli zao. Hapa kwetu, tangu Jumapili ile mlima ulipotushukia na matope na mawe, king'ora kikilia watu hukimbia. Wanaacha sufuria jikoni, wanabeba watoto, wanapanda hadi uwanja wa shule bila kuuliza kinacholia ni cha nani. Wafanyabiashara nao, kwa kuogopa wezi na moto, kila mmoja alikuwa amefunga cha kwake. Siku moja ya mnada mbuzi alipiga kichwa mlango wa duka la simu, kikalia, na kabla mwenye duka hajakumbuka ufunguo alikouweka nusu ya mji ilikuwa uwanjani. Mzee mmoja alianguka mtaroni akavunjika nyonga. Mbuzi hakupata hata mchubuko.

Ndipo ikatungwa sheria ndogo. Niliichapa mwenyewe, kurasa sita, kwa vidole hivi. Kila king'ora kiandikishwe. Kila king'ora kiwe na watu wawili wa ufunguo, wanaokaa karibu. Kikilia, ofisi inampigia simu yule wa kwanza, anakwenda, anaona kwa macho yake, halafu anasema: kweli au uongo. Ikiwa kweli, ofisi inatangaza kwa kipaza sauti. Ikiwa uongo, watu wanakaa na sufuria zao. Na king'ora kitakachodanganya mara tatu ndani ya miezi mitatu kinafungwa lakiri mpaka msimu uishe.

Basi daftari langu lilikuwa na safu zake: tarehe, mwenye king'ora, mtu wa ufunguo, dakika alizotumia kufika, kweli au uongo, na sababu. Safu ya sababu ilinifurahisha sana. Paka. Upepo. Mjusi. Puto la mtoto. Mwenye duka kusahau kwamba amekiwasha. Safu ya dakika sikuijali, mpaka Safina alipoleta fomu yake.

Safina ni mjane. Mumewe, Abdulrahim, alichukuliwa na matope asubuhi ileile, alipokuwa akiwahi kufungua duka. Watu wake wako Kondoa, hapa hana ndugu. Ni mdogo wangu kwa miaka mitano, mtandio haujawahi kumkaa vibaya hata siku ya upepo, na anaongea polepole kama mtu ambaye hajawahi kuunguza chakula. Fomu aliijaza kwa mwandiko mzuri. Mtu wa ufunguo wa kwanza: Gidion. Mtu wa pili: pameachwa wazi.

Gidion ni mume wangu.

"Alinitengenezea shelfu za duka," Safina akasema, akitazama uso wangu. "Nikamwomba, akakubali. Hakukwambia, dada Fausta?"

"Aliniambia," nikajibu. Hakuwa ameniambia. "Na wa pili?"

"Wa pili bado natafuta. Wengi wanaogopa kuamshwa."

Nikagonga muhuri kwa nguvu mpaka wino ukaruka mezani.

Inabidi nieleze kidogo habari za nyumbani, ingawa sipendi. Tuko wawili. Tulikuwa na mtoto mmoja, wa kike, tuliyempata baada ya kungoja miaka tisa. Jumamosi ile alikwenda kulala kwa bibi yake Jorodom. Bibi tulimzika. Mtoto hatukumzika, kwa sababu hakupatikana. Jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Hata majirani, waliozoea kuniita kwa jina hilo, mama fulani, kama mama yeyote anavyoitwa, waliliacha. Wakaniita Karani. Nami nikaitika Karani, nikashukuru kupata jina lisilouma.

Gidion ni fundi seremala, karakana yake iko nyuma ya nyumba. Hata zamani hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini tangu msiba yale machache yalikwisha kabisa. Alikuwa anasema "chumvi", na "mvua", na "nalala". Nilizoea. Nilidhani ndivyo mwanaume anavyokuwa akishapigwa na dunia, nikawa namsogezea chumvi.

King'ora cha Safina kililia mara ya kwanza mwezi wa nne, jioni, tukiwa mezani. Simu ya ofisi nilikuwa nayo mimi. Nikampigia mume wangu aliyekuwa amekaa mbele yangu, maana sheria inasema apigiwe. Hakupokea hata. Aliacha tonge kwenye sahani akaondoka mbio. Huyu ni mtu ambaye goti linamuuma nikimtuma ndoo moja ya maji! Siku hiyo goti lilipona. Dakika tisa. Uongo. Paka.

"Paka wa nani?" nikamuuliza aliporudi.

"Paka tu."

"Hana mwenyewe?"

"Fausta, ni paka."

Nikasema haya, tuwasamehe paka. Lakini mara ya pili sikuweza.

Mara ya pili ilikuwa tarehe kumi na nne Mei. Gidion aliaga asubuhi kwamba anakwenda Bashay kumwona mjomba wake, atarudi jioni. Alivaa koti zuri. Saa nne king'ora cha Safina kikalia, nikakisikia nikiwa ofisini, na nikiri kwamba nilifurahi. Nilijua mume wangu yuko barabarani. Nitampigia, atasema yuko mbali, nitaandika hakupatikana, na Safina atalazimika kutafuta mume wa mtu mwingine wa kumkimbilia. Nikampigia.

"Nipo dukani," akasema. "Uongo. Ni vumbi kwenye kile kidude cha dari kinachonusa moshi."

"Upo duka gani?"

"La Safina."

Nikatazama saa ya ukutani. Zilikuwa zimepita dakika mbili tangu kianze kulia. Nikaandika mstari mzima kwa mwandiko ulionyooka, tarehe, jina, jina, dakika mbili, uongo, vumbi, na macho yangu hayakutoka kwenye ile mbili.

Jioni alirudi.

"Bashay hawajambo?" nikamuuliza kwa sauti ya asali.

"Sikwenda. Nilighairi njiani."

Akakaa. Nikasubiri aongeze neno. Akaomba chumvi.

Basi wivu ukanishika rasmi. Nilitembea njia ile mwenyewe nikiwa na simu mkononi, kutoka mlango wetu hadi duka la Safina: dakika kumi na moja kwa haraka. Kutoka stendi: sita, ukipita katikati ya wauza vitunguu. Hakuna mahali pa maana katika Katesh ambapo mtu anatoka akafika pale kwa dakika mbili, ila kiti kilicho ndani ya duka lenyewe. Dakika mbili ni mtu aliyekuwa amekaa, akainuka, akapanda ngazi, akashuka. Nilianza kunusa mashati yake kabla ya kuyafua. Hayakuwa na manukato. Yalinukia iliki. Sisi kwenye chai tunaweka tangawizi.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Dada zangu wangefika na fimbo. Nilikuwa nafungua daftari kila asubuhi, naiangalia ile mbili, nalifunga. Ofisini watu wakasema Karani siku hizi anachapa kazi.

Mara ya tatu ilikuwa Juni, wakati wa baridi ile ya upepo. Saa kumi jioni kikalia. Gidion alikuwa nyumbani kweli, nilijua, kwa sababu nilikuwa nimempigia nusu saa kabla kwa kisingizio cha mkaa na nikasikia msumeno. Baada ya dakika kumi na tatu simu ikaita. Alikuwa anahema vibaya.

"Kweli," akasema.

"Kweli nini?"

"Moshi. Ameweka pasi ya mkaa pembeni ya godoro, limeshika. Nimelizima na mchanga. Msitangaze, imekwisha."

"Umeungua?"

"Kidogo. Kidole."

Akakata. Nilikuwa na kalamu mkononi na safu mbele yangu. Mtendaji wa kata alikuwa kwenye kikao wilayani, ofisini nilikuwa peke yangu. Nikimwandikia Safina kweli, king'ora chake kinabaki, na mume wangu anaendelea kukimbia na goti lake bovu na sasa kidole chake kilichoungua. Nilifikiria kule kuhema. Lini alinikimbilia mimi hivyo? Nikaandika: Uongo. Upepo.

Sikukosea wala mkono haukuteleza. Nilijua ninachoandika, na nilipomaliza nilipuliza wino ukauke.

Kesho yake Mtendaji, Hermani, alikwenda na Hamis fundi wa ving'ora na waya wa lakiri. Hermani ni kijana mwenye heshima, ametoka chuo juzijuzi, anapenda sheria kama wengine wanavyopenda mpira. Mimi nilibeba daftari. Safina alituonyesha godoro lililoungua pembeni, tundu la ukubwa wa sahani.

"Dada, mimi nafuata daftari," Hermani akasema. "Daftari linasema upepo. Kama una malalamiko unaandika barua ndani ya siku kumi na nne."

Safina akanitazama. Hakunitazama kwa hasira, na hapo ndipo aliponiudhi zaidi.

"Mwacheni Karani," akasema. "Labda simu haikusikika vizuri. Fungeni tu."

Ningeweza kumzaba kofi kwa wema ule.

Nyumbani Gidion alikuwa amefunga kidole kitambaa. "Nilikwambia kweli," akasema.

"Simu ilikuwa inakatakata."

"Sawa," akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Nililala vizuri siku hiyo. Ushindi una usingizi mzuri. Lakini asubuhi Hermani alinijia mezani na karatasi, amenyoosha kidole kwenye mstari.

"Dada, shikamoo. Kifungu cha tisa tusikisahau."

"Marahaba. Kifungu cha tisa kinasemaje?"

Akasoma, kwa sauti ya mtu anayesoma maandiko: jengo ambalo king'ora chake kimefungwa lakiri litakaguliwa kwa macho na mtu wa ufunguo wa kwanza, kila siku, asubuhi na jioni, naye atasaini mbele ya karani.

Nilikichapa mwenyewe. Nakumbuka hata neno "litakaguliwa" lilinishinda mara mbili. Kwa uongo wangu, kwa wino wangu, nilikuwa nimempa mume wangu ruhusa ya serikali kwenda kwa Safina mara mbili kwa siku, tena kwa lazima, na mimi nikawa shahidi wa saini.

Sijui kama umewahi kuona mume wako anapanga foleni mbele ya meza yako kusaini kwamba ametoka kwa mwanamke mwingine. "Habari za asubuhi, Karani," anasema, kwa sababu ofisini tuliheshimiana. "Nzuri, saini hapa." Asubuhi alikuwa anakaa huko robo saa. Jioni ilikuwa nusu saa, halafu dakika arobaini. Hakuna jengo la fremu moja ya duka linalokaguliwa dakika arobaini. Na kila mara alipoinama kusaini, iliki.

Wiki ya pili, Alhamisi, nikasema yatosha. Nilifunga ofisi mapema, nikajifunga khanga juu ya sweta, nikapita njia ya nyuma ya fremu, ile ya maji machafu. Duka la Safina lina mlango wa nyuma wenye pazia. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu asubuhi. Nilipanga hadi mkono nitakaoutumia kuvuta mtandio.

Nikafika kwenye pazia nikasikia sauti yake, ileile ya polepole.

"Baba Rogathe, chai yako inapoa."

Nikasimama palepale.

Rogathe. Miaka miwili jina lile halikuwa limepita masikioni mwangu, na sasa linatoka kwenye kinywa cha mwanamke huyu, linamiminwa pamoja na chai.

"Ngoja nimalize," ikasema sauti ya mume wangu. "Basi akatoka chumbani amevaa viatu vipya, cha kulia mguu wa kushoto, cha kushoto mguu wa kulia. Nikamwambia, mama, umevikosea hivyo. Akaniambia hapana baba, nimevibadilisha kwa makusudi. Tangu dukani vimekaa pande zao tu, havijawahi kutembeleana."

Na akacheka. Gidion wangu alicheka, kile kicheko chake cha puani ambacho nilidhani kimezikwa. Safina naye akacheka, akasema Abdulrahim alikuwa akikoroma, akiamshwa anasema hakuwa amelala, alikuwa anafikiria biashara. Wakacheka tena. Halafu nikasikia kikombe kinawekwa chini.

Ningewakuta wamekumbatiana ningejua la kufanya. Ningepiga kelele, mtaa ungejaa, kaka zangu wangeitwa. Lakini niliposogeza pazia nilimwona mume wangu amekaa kwenye stuli, kofia magotini, Safina upande wa pili wa meza ya kupimia vitambaa, na kati yao birika. Anaongea. Anatoa sentensi ndefu, zenye mwanzo na mwisho. Zote alizileta huku, mimi ameniachia chumvi. Hakuna wivu katika maisha yangu uliowahi kuniuma kama ule.

Nikaingia.

Safina akasimama. "Karibu, dada. Kuna chai."

"Sitaki chai! Unamwita mume wangu nani?"

"Namwita jina lake."

"Fausta," Gidion akasema.

"Wewe nyamaza! Hapana, usinyamaze, wewe umeshanyamaza vya kutosha! Miaka miwili unaniomba chumvi, kumbe maneno unayo, unayabeba unakuja kuyamwaga huku kwa mke wa marehemu!"

Hakuinua sauti. Aligeuza kofia yake magotini, mara moja, mara mbili.

"Ulikataza," akasema.

"Nilikataza nini?"

"Ulisema jina lake lisitajwe ndani ya nyumba. Sijalitaja. Hata siku moja sijalitaja mle ndani."

Na ilikuwa kweli. Nilikataza. Wiki zile za mwanzo watu walikuwa wanakuja kutupa pole, na kila mtu alipolitaja jina lile, miguu yangu ilikwenda mlangoni. Sikuiamuru. Mtu anasema Rogathe alikuwa mtoto mzuri, mimi nimeshafungua mlango natazama njia. Mara nne kwa siku, mara sita. Siku moja Gidion alinikuta nimesimama nje kwenye mvua, nguo zimeniganda mwilini, nimengoja sijui muda gani. Akanirudisha ndani. Nikamwambia jina hilo lisitajwe tena humu na mtu yeyote, hata wewe. Akasema sawa. Ni ileile sawa yake. Akaishika kama sheria, na mimi niliyeitunga nikaisahau, nikaanza kudhani kwamba ukimya ule ni tabia yake.

"Na tarehe kumi na nne Mei?" nikamuuliza, maana wivu haufi kwa mara moja. "Ulikuwa hapa kabla ya king'ora. Dakika mbili!"

"Angetimiza miaka kumi," akasema. "Nilipanda gari la Bashay, nikashindwa, nikashuka. Nilikuwa natafuta mtu wa kumwambia."

Tarehe ile niliiandika kwa mkono wangu. Mimi niliyemzaa. Niliandika siku, mwezi na mwaka, na sikuiona, kwa sababu nilikuwa natazama dakika.

"Kwa nini yeye?" nikasema.

Gidion akafikiri. "Siku nafunga shelfu aliniuliza mtoto alikuwa anapenda nini. Hakuna mwingine aliyeniuliza."

Safina alisukuma stuli kuelekea kwangu. Sikukaa. Nisingekaa siku ile hata kwa kubembelezwa na askofu. Niligeuka nikarudi kwa njia ileile ya maji machafu, na nililia mpaka nyumbani, nusu kwa huzuni na nusu, nasema kweli, kwa uchungu kwamba mwanamke mwingine alipewa viatu vya mtoto wangu kabla yangu.

Asubuhi nilimkuta Hermani ofisini kabla hajavua koti. Nikafungua daftari mbele yake, nikapiga mstari juu ya "Uongo. Upepo", nikaandika juu yake: Kweli. Moshi. Nikasaini.

"Simu ilikuwa mbovu?" akaniuliza, ananitafutia mlango wa kutokea.

"Simu ilikuwa nzima. Nilisikia kila neno. Niliandika uongo kwa sababu ya wivu."

Alikaa chini. Nilimwonea huruma, chuoni hawakumfundisha hilo. Akaniambia kwa upole kwamba daftari halitaweza kukaa kwangu tena, na kwamba ataandika barua, na barua itakaa kwenye faili langu. Daftari likaenda kwa Violeth wa dirisha la pili. Mimi nikapelekwa masjala, chumba kisicho na dirisha, kupanga mafaili ya migogoro ya mipaka ya mashamba. Ukarani niliupenda. Ndio ulionipa jina.

Hamis akafungua lakiri siku hiyohiyo. Jioni Safina alikuja masjala na fomu yake ya zamani, akaiweka juu ya mafaili.

"Sheria inasema watu wawili wa ufunguo," akasema. "Hapa pa pili pamebaki wazi. Mtendaji anasema nisipojaza ananifungia tena."

"Umekosa watu mji mzima?"

"Nimekosa anayekaa karibu na wa kwanza."

Nilimtazama. Mtandio ulikuwa umekaa vizuri, kama kawaida yake, Mungu amsamehe. Nikaandika jina langu, nikakandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

Usidhani kwamba nyumbani mambo yalibadilika siku ile. Tulikula kimya wiki nzima, na wiki iliyofuata. Mara mbili nilifungua mdomo kulitaja jina nikaishia kusema ugali umekuwa mgumu. Gidion naye alikuwa akinitazama akingoja, kama mtu aliyesimama mbele ya mlango usio wake. Sheria ilikuwa yangu. Hakuna mwingine wa kuifuta.

Mwezi wa nane, saa kumi na mbili kasoro jioni, tukiwa mezani, king'ora cha Safina kikalia. Simu ya Gidion ikaita, Violeth, kwa mujibu wa sheria. Akasikiliza, akaweka tonge chini, akainuka nusu. Hakukimbia. Alibaki ameinama vile, mkono juu ya meza, ananitazama, anaomba ruhusa.

"Nenda," nikasema. Halafu nikasema, "Nenda, Baba Rogathe."

Miguu yangu ikanitoa kwenye kiti. Nilikuwa mlangoni kabla sijajua, mkono kwenye komeo, natazama njia. Palikuwa na kuku wawili na jembe. Njia ilikuwa tupu mpaka kwenye kona. Nikaitazama mpaka nikahakikisha. Gidion alikuwa amekuja nyuma yangu, hajanishika, ila amesimama karibu kiasi cha kunidaka.

"Hakuna mtu," nikamwambia.

"Hakuna," akasema.

Nikachukua khanga yangu msumarini. "Haya twende. Na mimi nina ufunguo."

Tulipofika barabarani Safina alipiga simu: ni paka, yuko juu ya magodoro, msijiumize kukimbia, lakini sheria ni sheria, njooni mumwone kwa macho. Basi tukatembea. Nikamwambia Gidion anieleze ile habari ya viatu. Akanieleza yote, tangu siku ya kuvinunua. Nilikuwa nimeshaisikia nyuma ya pazia, nikaisikia ya pili, baada ya mwenzangu, na hilo linaniuma mpaka leo, sitaki kukudanganya. Lakini ya pili ilikuwa ndefu zaidi. Kwenye kituo cha mafuta tulisimama nikamweleza mimi ya kwangu, ile ya Rogathe na kuku aliyemfunga kitambaa kichwani ampeleke kanisani, ambayo yeye hakuwahi kuisikia, wala Safina, wala mtu mwingine yeyote. Tulisimama tena kwenye daraja dogo, kwa sababu Gidion hakuweza kutembea kwa kucheka na kulia.

Kesho yake Violeth alinifuata masjala na daftari kifuani.

"Dada Fausta, nisaidie kabla Mtendaji hajaona. Nimeandika dakika ishirini na sita. Njia ya dakika kumi na moja! Niandike mlikuwa na dharura?"

"Hapana," nikamwambia. "Acha hivyohivyo. Na safu ya jina ukiandika, andika Mama Rogathe."